Kliki moja shilingi ngapi? Nimekaa na AdSense tangu 2022, haya ndo niliyoyaona

Swali ninaloulizwa kuliko yote, kuanzia kwa shemeji yangu mpaka kwa dogo anayenitengenezea simu, ni hili: "eti mtu akibonyeza tangazo kwenye blogu yako unapata shilingi ngapi?" Zamani nilikuwa najibu haraka kabisa, nasema kama mia hivi, afu natembea. Sasa hivi nikiulizwa nakaa kwanza, maana jibu la kweli ni kwamba kliki haina bei. Haiuzwi kama yai kwamba leo mia nne na kesho mia nne hamsini. Na mimi yai nalijua, maana blogu yangu ni ya ufugaji wa kuku, niko Morogoro, naandika Kiswahili tupu.

Basi hii ni tathmini yangu ya AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye blogu yako na kukulipa, kwa mtu anayeandika Kiswahili. Sijalipwa na mtu, na hiyo pesa yenyewe nayolipwa na AdSense mtaiona hapo chini mcheke.

Tuanze na ile kolamu ya CPC, yan mapato kwa kliki moja, ambayo kila mtu akifungua ripoti ndo anaikimbilia. Mi mwaka wa kwanza mzima nilidhani ile ni bei waliyonipangia, yan Google wamekaa wamenitazama wakasema huyu wa kuku mpeni senti nne za dola. Kumbe ile ni hesabu ya baada ya mchezo kuisha, wanachukua mapato yako wanagawanya kwa idadi ya kliki basi. Ni wastani. Ndani yake kuna kliki ya senti moja na kliki ya senti sitini zimechanganywa kwenye sufuria moja, na we unaonyeshwa mchuzi tu.

Bei yenyewe inatokea mnadani. Kila mtu akifungua ukurasa wako, pale pale kabla hata picha haijamaliza kufunguka, wanaotaka kutangaza wanashindana, huyu anasema natoa hiki huyu anasema natoa kile, anayeshinda tangazo lake linakaa. Wakiwa wengi na wana hela bei inapanda, akiwepo mmoja peke yake anachukua kwa bei ya kutupa, kama samaki wa jioni. Na hawashindanii blogu yako jamani, hapa ndo wengi tunajidanganya. Wanamshindania yule msomaji: yuko nchi gani, anatumia simu gani, amekuja kutafuta nini.

Nilikuja kuelewa kwa hesabu zangu mwenyewe. Nina makala ya magonjwa ya vifaranga, ndo mama wa blogu, mwezi mmoja ilifunguliwa mara 9,000, ikapata kliki 90, mapato dola 3.60. Gawanya mwenyewe, senti nne kwa kliki. Mwezi ule ule nilikuwa na makala moja niliyoiandika kwa hasira tu baada ya binamu yangu aliyeko Uingereza kulalamika kuhusu gharama za kutuma hela nyumbani, haina uhusiano wowote na kuku, sijui hata kwa nini niliiweka pale. Ile ilifunguliwa mara 400 tu. Kliki 8. Mapato dola 3.20! Senti arobaini kwa kliki, mara kumi ya kuku wangu. Waliosoma wengi wako Uingereza na Marekani, na kampuni za kutuma pesa zinapigana vikumbo kumpata mtu wa aina hiyo, wakati mfugaji wa Dumila mwenye kifaranga kinachoharisha hakuna kampuni inayomgombania, labda ya dawa, na yenyewe siku ikiwa na bajeti.

Sasa hapo ukiangalia CPC peke yake utasema kliki za kutuma hela ni nzuri, sawa. Ila kolamu iliyonifungua macho ni ya pembeni yake, RPM, yan mapato kwa kila kurasa 1,000 zilizofunguliwa. Kuku: senti arobaini kwa elfu. Kutuma hela: dola 8 kwa elfu. Tofauti siyo mara kumi tena ni mara ishirini, kwa sababu wale wa kutuma hela siyo tu kliki zao zina bei, hata kubonyeza wanabonyeza zaidi, wawili kwenye kila mia wakati kwa kuku ni mmoja. CPC haikwambii hilo hata ukiitazama mpaka macho yatoke maji.

Na kuna jambo lingine ambalo bado naona watu wanauziana kozi kana kwamba halijatokea. Novemba 2023 Google walitangaza, na mwanzoni mwa 2024 wakaanza, kuwalipa wenye tovuti kwa tangazo kuonekana badala ya kubonyezwa. Yan zamani msingi ulikuwa kliki, sasa msingi ni kuonekana. Kwaiyo unaweza kufungua ripoti ukakuta kliki sifuri na senti kumi na moja zimeingia, usishangae wala usidhani mtambo umeharibika. Kolamu ya CPC bado ipo, bado inagawanya, lakini inagawanya hela ambayo haikutoka kwenye kliki kwa idadi ya kliki. Mi naiangalia kama ninavyoangalia saa ya ukutani iliyosimama kwa mama mkwe, ipo kwa heshima.

Mgao je? Zamani walikuwa wanasema wazi kwamba mwenye tovuti anachukua asilimia 68. Walivyobadilisha 2024 wakautenganisha, wanaonunua matangazo wanakatwa kwanza na mfumo waliotumia kununua, afu kinachobaki we unapata asilimia 80. Kwa anayenunua kupitia Google Ads, mfumo wa Google wenyewe wa kununulia matangazo, ni hivi: akitoa dola 10, kama dola moja na nusu kwa wastani inabaki huko, zinabaki 8.50, asilimia 80 yake ni 6.80. Haya, tumerudi pale pale. Sikuona hasara, sikuona faida. Hapa nawapa maksi maana angalau hesabu unaweza kuifuata kwa kidole.

Niseme kuhusu kliki za kupeana maana hapa nilishaungua. Siyo AdSense, ni kampuni nyingine ya matangazo niliyoijaribu mwanzoni, jina nalihifadhi. Dada yangu kwa nia njema kabisa akaweka linki kwenye grupu la familia, "jamani tumsaidie mdogo wetu kila mtu abonyeze matangazo asubuhi na jioni". Grupu lina watu 43. Siku tatu nikajiona tajiri, nikaanza hadi kuuliza bei ya inkyubeta, siku ya nne akaunti imefungwa na salio limekwenda na maji, barua pepe nilizoandika mpaka leo hazijajibiwa. Kwa AdSense sheria ni hiyo hiyo, usibonyeze matangazo yako na usiombe watu wabonyeze, na kliki wanazoziona batili wanazikata, anarudishiwa mtangazaji. Ndo maana pia kile unachokiona katikati ya mwezi kinaitwa makadirio, usikitolee ahadi kwa mke.

Mambo ya malipo sasa. Ukifika dola 10 wanakutumia barua yenye PIN, yan namba ya kuthibitisha anwani yako, barua kabisa ya karatasi, ya posta! Kwa sisi tusio na namba za nyumba ni sanduku la posta, na mimi la kwangu nilikuwa sijalilipia, likafungwa, PIN ikapotelea huko. Ni uzembe wangu. Nikaomba nyingine kwa sanduku la shule anayofundisha jirani, ikaja. Usizembee kama mimi maana ikipita miezi minne tangu PIN ya kwanza hujaiingiza matangazo yanazimwa. Baada ya hapo unasubiri ufike dola 100 ndo walipe, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Kwa senti arobaini kwa elfu, fanya hesabu mwenyewe dola 100 ni kurasa ngapi. Ni 250,000. Ndiyo, laki mbili na nusu za vifaranga vinavyoharisha. Hela ikifika benki nao wana mkono wao, yangu ilinikata kiasi ambacho nilipiga simu kuuliza kama wamekosea, hawajakosea.

Kuhusu Kiswahili, kwa miaka mingi hakikuwemo kwenye lugha wanazokubali, watu walikuwa wanaandika Kiingereza cha kuungaunga ili wakubaliwe. Sasa kimo, na mi nilikubaliwa kwa Kiswahili changu bila shida. Kukubaliwa ni kitu kimoja lakini, wanunuzi mnadani ni kitu kingine, na wanaotangaza kwa Kiswahili bado ni wachache. Desemba unaona kapanda kidogo, watu wanamaliza bajeti zao za mwaka, Januari inaporomoka kama ada za shule zilivyotuporomosha sisi wenyewe.

Kitu ninachokipenda: sehemu ya kuzuia aina za matangazo. Nimezuia utabiri wa nyota na utajiri wa haraka, siwezi kumwambia mfugaji chanja kuku afu pembeni kuna mtu anamsomea viganja. Ukizuia unapunguza wanaoshindana kwaiyo bei inashuka kidogo, wenyewe wanakuonya kabisa, na mi nimekubali hasara hiyo. Nisichokipenda ni yale matangazo yanayojipanga yenyewe, ukiwaachia wanajaza ukurasa mpaka msomaji haoni dozi ya chanjo iko wapi, hasa lile linalofunika skrini nzima. Nimelizima. Msomaji wangu anatumia bando la mia tano, siyo haki.

Kwa ujumla wake nampa nyota 3 kati ya 5, mbili na nusu kama blogu yako ni Kiswahili na wasomaji wote wako hapa hapa, nne kama unaandikia na walioko nje. Malipo yangu ya mwisho yaliingia tarehe 23, baada ya benki kukata nikanunua mifuko mitatu ya chakula cha kuku na mmoja nikaukopesha kwa jirani wa sanduku la posta. Makala ya pili ya kutuma hela inapanda wiki ijayo, binamu ameshanitumia risiti zake.