Zege Limekatika Chini ya Maji, na Mwenye Geti Anajua: Uzoefu Wangu wa Kushusha Boti Dar

Naandika hasira ikiwa bado ya moto, na sina haja ya kungoja ipoe. Ekseli ya tela imepinda. Fundi wa Tegeta aliinama, akaitazama mara moja, akasema hii hainyooshwi, inabadilishwa. Hela ya ekseli nitaitafuta. Kinachonikera mpaka leo ni maneno matatu niliyoambiwa na mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, boti yangu ikiwa imelala ubavu mbele yake: "Kila mtu anajua."

Mahali penyewe sipataji. Ni mteremko wa zege wa kushushia boti baharini, upande wa kaskazini wa jiji, ni pa umma, unalipa getini na kupewa risiti, na wengi wenu wenye boti ndogo za kuvuta kwa tela mmeshapita pale au mmeshaelekezwa pale.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi mpevu, upepo wa kusi umetulia kidogo. Mimi na mpwa wangu tulitaka kwenda kisiwa cha Mbudya na kurudi jioni. Barabara ya Bagamoyo ilituchelewesha kama kawaida yake, tukafika kwenye saa tatu na nusu asubuhi. Tukafanya kila kitu kwa utaratibu. Kwanza tuliegesha pembeni tukaacha magurudumu ya tela yapoe, maana beringi zikichovywa baharini zikiwa za moto zinavuta maji ya chumvi ndani na hazimalizi msimu. Tukafunga kizibo cha tundu la maji la boti, tukachomoa waya wa taa, tukalegeza mikanda ya nyuma, mkanda wa winchi tukauacha wa mwisho. Kijana akavua viatu, akashuka kwa miguu upande wa kulia mpaka maji yakamfika magotini. Akasema chini ni zege gumu, halina utelezi, twende.

Yule bwana wa getini alikuwa anatuona muda wote huo. Alipokea hela, akachana risiti, akaitazama tela, akayatazama maji, akasema, "Karibu bosi." Hakuongeza neno.

Nikaweka rivasi. Mpwa wangu alikuwa amehamia kushoto na kamba ya omo, yaani ya mbele ya boti, mkononi, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka upande huo na kulia kuna mawe. "Rudi mjomba, rudi, bado kidogo." Nikarudi. Ghafla gurudumu la kushoto likadumbukia. Nilisikia chuma kikigonga zege, pikapu ikavutwa nyuma, tela ikainama, na boti ikalala upande ule ule aliosimama kijana. Aliruka. Ubavu wa boti ukapiga maji pale pale alipokuwa amesimama, na maji yenyewe yalikuwa ya kina cha mapaja. Mtu akibanwa chini ya fibaglasi na injini kwenye kina hicho, hahitaji bahari kubwa ili afe.

Nikashuka garini natetemeka. Nikamfuata yule bwana, na nakiri sikuanza na salamu. Nikamuuliza, kuna nini pale chini? Hakuinuka. Akasema, "Hapo zege limeisha bosi. Maji yakipwa hapashukiki. Kila mtu anajua."

Kila mtu nani? Mpwa wangu hakujua. Mimi sikujua. Wewe uliyeketi hapo kutwa ulijua, ulituona tukifungua mikanda, ulimwona kijana wa watu akiingia majini, na hela yangu ilikuwa mfukoni mwako.

Kabla sijamaliza kusema, vijana wanne walishafika na magogo na kamba nene. Sisemi walipanga. Nasema walikuwa na magogo ya kimo sawasawa na kamba yenye fundo tayari, na bei yao haikuhitaji kufikiriwa. Niliwalipa, na kwa haki kabisa waliifanya kazi vizuri: wawili waliinua kwa bega, wawili wakachomeka magogo chini ya gurudumu, nami nikavuta taratibu kwa gia nzito. Hao sina ugomvi nao. Kijana mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, "Pole mzee, hapa wanadumbukia sana siku za maji makubwa." Yeye alinionea huruma. Mwenye geti alikuwa anahesabu chenji.

Kesho yake nilirudi bila boti, maji yakiwa yamepwa kabisa, nikaangalia kwa macho yangu. Mteremko umemeguka kwa mshazari kama sahani: upande wa kulia zege linaendelea hatua kadhaa zaidi, upande wa kushoto limekatika ghafla. Ndiyo maana kijana alipopima kulia alikuta pako sawa, na maji yale ya kusi yalikuwa ya vumbi la mchanga, huoni hata vidole vyako. Kwenye ukingo nondo zimetokeza nje, nyekundu kwa kutu. Chini yake kuna shimo la kina cha goti. Kilichonichoma moyo zaidi ni mikwaruzo ya chuma kwenye ule ukingo. Ipo mipya, wa kwangu mmojawapo, na ipo ya zamani mpaka imeota chaza juu yake. Chaza hawaoti kwa wiki moja. Watu wamekuwa wakidumbukia pale muda mrefu, na muda wote huo risiti zinachanwa.

Shimo lenyewe halina ajabu. Watu wakirudi, badala ya kuvuta boti kwa winchi mpaka ikae kwenye tela, wanaipandisha kwa injini, mafuta mpaka mwisho. Propela inasukuma maji nyuma kwa nguvu, yanachimba mchanga ulio mbele ya mwisho wa zege na kuulundika mbali kidogo. Mawimbi yanamalizia. Zege likikosa cha kulishikilia chini, linaning'inia, halafu linakatika kipande kwa kipande. Mtu yeyote anayesimamia mteremko wa boti anapaswa kulijua hilo na kumwaga mawe pale kila baada ya msimu. Na kama hela ya mawe hakuna, basi bomba moja la plastiki lililopakwa rangi nyekundu, lisimikwe pale zege linapoishia. Bomba moja!

Wapo watakaosema nilichagua siku mbaya. Hebu tuzungumze siku basi. Pwani yetu ya Dar, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mteremko ukiwa unashuka mita 1 kwa kila mita 10, ukingo wa maji unakwenda mbele na nyuma mita 30 kati ya kujaa na kupwa. Mita 30 za zege zinazohitajika, na hapo hujaweka urefu wa tela. Tena bamvua ya huku ina saa zake: mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga, maji yanajaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanapwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Yaani saa ile ile ambayo mtu mwenye kazi yake ya wiki nzima amefika pwani na familia Jumamosi, ndiyo saa ambayo mwisho wa zege umekaribia usawa wa maji. Wa getini anaijua saa hiyo kuliko sisi wote. Kulisema kungemgharimu nini?

Sasa niseme ukweli wangu mwingine, maana nisipousema nitakuwa nimeonea. Maji yakiwa yamejaa, sijaona mahali pazuri zaidi ya pale kwa boti ya tela. Zege limechorwa mistari ya kuzuia utelezi. Pana nafasi ya kugeuza gari na tela bila kumsumbua mtu. Wakati wa kusi pamekingwa na rasi, maji yanakuwa matulivu, ingawa kaskazi ikianza, kuanzia Desemba, mawimbi yanaingia moja kwa moja na boti inagongagonga kwenye tela. Ukilinganisha na kwingine, chaguo si kubwa. Feri pale Magogoni ni mahali pa samaki na watu wa samaki, si pa kuingiza tela. Klabu binafsi zina miteremko mizuri, lakini lazima uwe mwanachama. Kigamboni unavuta tela mpaka Daraja la Nyerere, unalipa tozo, halafu fukwe nyingi za kule zimeikabili bahari kuu na kusi inazipiga usoni. Kwa hiyo nilipokuwa narudi nyumbani siku ile ya pili, nilikuwa nimeshaamua moyoni: mahali ni pazuri, mtu ndiye mbaya. Nende siku za maji mafu, mwezi wa robo, wakati tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 1 tu na mwisho wa zege haufikiwi. Au siku za bamvua nishushe alfajiri maji yakiwa yamejaa, nirudi saa kumi alasiri yakiwa yamejaa tena. Hesabu inakubali kabisa.

Halafu nikakumbuka geti linafunguliwa saa moja asubuhi.

Saa moja, siku za bamvua, maji yameshashuka nusu, na hiyo saa ya katikati ndiyo yanakimbia kuliko saa zote. Wanafungua geti maji yakiwa yanakimbia, wanapokea hela maji yakiwa yamepwa, na wanafunga jioni. Basi ule uzuri wote niliousifu hapo juu, siku hizo ni wa nani? Wa kuangalia tu. Nilitaka kuwapa alama tatu kati ya tano. Nazifuta.

Na niseme kwa nini nimekuwa mkali. Baadaye nilikwenda Kunduchi bila boti, kutafuta mahali pengine, kule wavuvi wanakoshushia vyombo vyao. Hakuna zege, ni mchanga na matope ya mikoko, ukiingia na gari nzito unazama. Palikuwa na mzee anakalafati mashua, yaani anaziba nyufa zake. Nikamwambia shikamoo. Akaitika marahaba, akanitazama kuanzia viatu mpaka ufunguo wa gari, akaniuliza, "Una boti ya tela wewe?" Nikasema ndiyo mzee. Akaweka chini patasi yake, akanishika mkono, akanipeleka mpaka majini. "Usije ukashukia pale, chini kuna mwamba. Shukia hapa. Ngoja maji yavuke lile jiwe jeusi ndipo uingie, na upunguze upepo wa matairi." Sikumwomba. Sikumlipa, na nilipotaka kumpa chochote alikasirika kidogo. Hana geti, hana kitabu cha risiti, hakuajiriwa na mtu kutunza ule ufuo. Kwa dakika tano alinipa kitu ambacho kwingine nililipia na sikupewa.

Sisi wenye boti tunatakiwa kusajili vyombo, na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, wanavikagua, na ni sawa kabisa. Boti yangu ina jaketi la kuokolea la kila abiria, ina kizima moto, ina makasia. Namtaka mwenye mteremko naye awe na wajibu wake, na wajibu wa kwanza hauhitaji bajeti. Ni mdomo. "Bosi, maji yamepwa, kushoto zege limekatika, ngoja mpaka saa saba." Ningengoja. Kijana angekula mihogo, mimi ningelala garini, ekseli ingekuwa nzima.

Ofisini kwa wenye mteremko nimepeleka picha za ule ukingo, nondo, shimo na mikwaruzo yenye chaza, pamoja na nakala ya risiti. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri, akagonga mhuri, akasema litafanyiwa kazi. Namwamini yeye. Wa kwenye kiti cha plastiki simwamini.

Kwa wanaoniuliza kama waende: msiende. Na kama lazima mwende, maana najua wengine hamna pengine pa kushushia, nendeni siku za maji mafu, shukieni upande wa kulia tu, msimweke mtu yeyote kushoto mwa tela, na kabla ya kutoa hela mwulizeni yule bwana kwa sauti, watu wakisikia, zege linaishia wapi. Mpwa wangu hatarudi pale. Mama yake ameshasema, nami sina la kumjibu.