Kadi za picha za ARASAAC kwa mtoto asiyeongea: nimezitumia mwaka na ushee, maoni yangu haya

Naanza na bei maana najua wengi ndo mnachokitafuta. Picha zenyewe ni bure. Ni mali ya serikali ya jimbo la Aragon kule Hispania, mchoraji wake anaitwa Sergio Palao, ziko maelfu, unaingia kwenye tovuti yao unatafuta neno unadaunlodi basi. Hela inakutoka kwenye kuprinti. Huku kwetu Mbagala stesheneri walinichaji 500 kwa karatasi ya rangi na 1,500 kulamineti, nilipanga picha tisa kila karatasi, kwaiyo karatasi nane za mwanzo zilinila 16,000. Alafu ongeza ile tepu inayonata kama ya viatu vya watoto, wanauza kwa mita Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya cherehani, na faili moja gumu la ofisini, ndo kitabu cha kubandikia kadi. Kijana wa stesheneri akataka abaki na faili langu kwenye kompyuta yake awe anawauzia wazazi wengine, nikamwambia hapana kaka, leseni ya hizi picha inaruhusu kutumia na kugawa, kufanyia biashara hairuhusu. Akanuna kidogo.

Sasa kwa nini nimefika huko. Mwanangu ana miaka saba, ana usonji, haongei. Anasikia vizuri tu, anaelewa mengi, ila maneno hayatoki. Mwaka juzi dada alikuwa anaanika nguo, geti halikufungwa vizuri, mtoto akatoka. Tumemtafuta kama dakika arobaini, mimi natembea bila viatu najiona kichaa, kumbe yuko mtaa wa tatu kwenye sehemu ya kuoshea magari, amekaa anachezea maji ya mpira. Wale vijana walikuwa wanamuuliza unaitwa nani, kwenu wapi, ye anacheka na maji. Mmoja akaniambia mama mwanao jeuri huyu, anaulizwa hajibu. Sikuwa hata na nguvu ya kugombana.

Baadae nikasoma utafiti wa Marekani wa 2012, ulitoka kwenye jarida la Pediatrics, kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji waliwahi kujaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kufikisha miaka minne, na kwa waliopotea kabisa karibu robo nusura wazame na zaidi ya nusu nusura wagongwe na magari. Nikamuwaza wangu na yale maji. Mbagala hamna bahari mlangoni lakini kuna mashimo, kuna mitaro, kuna madumu.

Hapo mwanzo nilikuwa nampeleka kituo kimoja hapa mjini (sikitaji) wakanambia picha zitamfanya mvivu wa kuongea, niachane nazo tukazane na "sema maji, sema maji". Miezi nane nimelipa hela kumsikiliza mtu anamwambia mwanangu sema maji. Jamani hilo la kwamba picha zinazuia maneno siyo kweli, tafiti nyingi zimeangalia na hazijaona hivyo, wengine ndo wanaongeza maneno kabisa. Wangu hajaongeza, nisiwadanganye. Ila sasaivi anawasiliana.

Namna ya kufundisha nilifata mfumo wa PECS, ule wa kubadilishana picha ulioanzia Delaware mwaka 1985, una hatua sita na sisi tuko ya nne, ya kuunganisha "nataka" na kitu. Hatua ya kwanza inahitaji watu wazima wawili na hapa ndo wengi wanakosea. Mmoja anakaa mbele na kitu mtoto anachokipenda, kwetu ilikuwa ubuyu. Mwingine anakaa NYUMA ya mtoto, haongei kabisa, kazi yake kuuongoza mkono wa mtoto uokote kadi umpe yule wa mbele. Akipewa tu anataja "ubuyu!" na anatoa ubuyu palepale. Humuulizi unataka nini. Ukimuuliza anajifunza kusubiri kuulizwa, na mtoto anayesubiri kuulizwa siku akipotea ndo atakaa kimya vilevile. Mi na bibi yake tulifanya hivyo wiki mbili, bibi ndo alikuwa wa nyuma na kunyamaza ilimtesa kweli, kila saa "haya baba mpe mama, mpe".

Sasa kadi iliyobadilisha nyumba yangu siyo ya ubuyu, ni ya SITAKI. Ukiangalia mafunzo mengi yanamfundisha mtoto kuomba, nataka maji, nataka chipsi, nataka choo, kila mtu anafurahi. Kukataa hawafundishi, tena mtoto akisukuma mkono wa mtu anaambiwa mtundu. Sasa mtoto amezoezwa tangu asubuhi mpaka jioni kutii mtu mzima yeyote anayemshika, na hawezi kusema aliyoyafanyiwa, siku mtu mbaya akimshika atafanyaje? Mi hilo lilininyima usingizi kuliko geti.

Wiki ya kwanza ya SITAKI ilikuwa balaa. Mchicha sitaki. Kuoga sitaki. Shangazi yake kaja kumkumbatia, kapewa kadi, kaiangalia kaigeuza akauliza hii nini, nikamwambia anasema hataki umkumbatie, akacheka lakini nikaona kaumia. Nilikubali karibu kila sitaki isipokuwa dawa na kuvuka barabara, maana kadi ikitolewa bila kuheshimiwa inakuwa karatasi tu. Siku iliyonifurahisha ni kwa kinyozi. Miaka yote kunyoa kwetu ni watu wawili kumshika na kilio mtaa mzima unajua. Safari hii mashine ilipowaka akachomoa kadi akampa kinyozi mkononi. Kinyozi akaniangalia, akazima mashine. Akachukua mkasi. Kichwa kilitoka kama shamba lililoliwa na mbuzi lakini hakulia.

Kutokana na kuzoea kumpa mtu kadi ndo tukaingiza kadi ya kupotea. Ina picha ya mtoto, imeandikwa "Siongei. Nisaidie, mpigie mama" na namba mbili. Jina sijaweka, maana mtu akimuita kwa jina atamfata. Tunafanya mazoezi kwa watu tofauti, mwenye duka, mlinzi wa shule, konda mmoja tunayemjua, wanamuuliza "mama yuko wapi" anatoa kadi. Bangili nilijaribu akaing'ata mpaka ikakatika, kwaiyo namba pia nimempelekea fundi wa kudarizi akaidarizi ndani ya kola za mashati. Na kuna ukurasa wa mwili, wenye viungo vyote hadi vya siri, na kadi ya INAUMA. Aibu za nini, asipoweza kuonyesha hapo ataonyeshaje? Ukihitaji kuripoti jambo la mtoto, namba ni 116, bure.

Mapungufu yapo. Joto la Dar linafumua laminesheni pembeni ukikata ukafika kwenye karatasi, acha ukingo wa plastiki. Picha nyingine hazimuingii, ile ya "hatari" ilikuwa kwake ni mchoro tu, nikapiga picha za mtaro wetu, jiko letu na soketi yetu nikaweka alama nyekundu, akaelewa zaidi. Alafu kitabu kinasahaulika, tumeshakiacha kwenye daladala mara mbili.

Nilijaribu na apu ya simu pia, ukigusa picha inatamka Kiswahili. Sauti iko poa, bibi aliipenda. Shida mtoto anatoka anaenda katuni, mpaka nikajua kuna seting ya Android ya kuibandika apu moja isitoke. Ila chaji ikiisha mtoto ni bubu tena, na mtoto mdogo na simu mkononi Mbagala mnajua wenyewe. Simu inabaki nyumbani.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa kazi ya mkasi. Ukienda kuprinti chukua karatasi nzito, na kadi ya SITAKI toa kopi sita kabisa, ndo inayoisha haraka.