Makindu: Jiko la Makalasinga Linalowalisha Wasafiri wa Barabara ya Mombasa

Katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kati ya Emali na Kibwezi, upo mji mdogo wa Makindu, na ndani yake lipo hekalu la Makalasinga, yaani waumini wa dini ya Sikh, ambalo huduma yake ya chakula ninaitathmini hapa kama ambavyo ningeitathmini hoteli yoyote ya njiani: kwa ladha, kwa usafi, kwa namna mgeni anavyopokewa, na kwa bei. Hilo la mwisho nilimalize mapema. Bei haipo. Msafiri wa dini yoyote, wa kabila lolote na wa kipato chochote huingia, akapakuliwa chakula cha moto, akala akashiba, kisha akaendelea na safari yake bila kudaiwa hata shilingi moja, na anayehitaji kulala hupokewa kwa utaratibu huohuo. Wengi wanaoisifu Makindu huishia hapo, kwenye neno "bure", na naona wanakiacha kilicho bora zaidi. Chakula cha bure kinaweza kutolewa kwa namna inayomvunjia mtu heshima. Cha Makindu hutolewa kwa namna inayomfanya aliyekila atamani kumtendea mtu mwingine vivyo hivyo, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuandika tathmini hii.

Hekalu hilo, ambalo wenyewe huliita gurudwara, lilijengwa mwaka 1926 na Makalasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli. Reli yenyewe ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, kwa jasho la Waafrika na la vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, ambao wengi wao waliugua, na baadhi wakafa, katika nyika hizihizi ambazo leo tunazipita tukiwa tumefunga vioo vya magari. Kazi iliwahamisha Makalasinga wale waliojenga hekalu, lakini nyumba yao ya ibada ikabaki, na kadiri barabara ya magari ilivyozidi kuwa njia kuu ya wasafiri, ndivyo jiko lake lilivyopata wageni wapya: madereva wa malori ya masafa marefu, familia zinazoshuka Pwani wakati wa likizo, wachuuzi, wanafunzi, na watu walioharibikiwa na magari usiku. Ieleweke pia kwamba Makindu ipo katika upande mkavu wa Ukambani, mahali ambapo mvua ikikosa misimu miwili mfululizo shamba halitoi kitu, kwa hiyo sahani ya chakula hapa ina uzito ambao mtu wa mjini anaweza asiutambue.

Desturi ya jiko la wote, ambayo Makalasinga huiita langari, ni ya kale kuliko reli kwa karne nyingi. Ilianzishwa na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao na wa kwanza kati ya viongozi wao waitwao Guru, aliyeishi kati ya mwaka 1469 na 1539, ambaye huko Kartarpur, kando ya mto Ravi katika nchi ambayo leo ni Pakistan, aliwaketisha watu wa matabaka yote kula pamoja, katika jamii ambayo kula na mtu wa tabaka la chini kulihesabiwa kuwa najisi. Guru wa tatu, Amar Das, aliifanya kuwa sharti: anayetaka kuonana naye aketi kwanza na watu wengine ale, na katika masimulizi yao hata mfalme Akbar wa India alilitii sharti hilo. Nayataja haya kwa sababu mgeni wa Makindu huyaona kwa macho yake. Utingo wa lori na mkubwa wa ofisi aliyeshushwa na dereva wake hushika sinia za aina moja, hupakuliwa kutoka sufuria moja, na anayepakua hamtazami mmoja wao kwa jicho tofauti na analomtazamia mwenzake. Sijui hoteli ya kulipia katika barabara hii ambayo ningeweza kuiandikia sentensi kama hiyo.

Sasa chakula chenyewe. Dengu zao huiva hadi zikawa rojo, zikiwa zimeungwa kwa vitunguu, tangawizi, nyanya na bizari, na pilipili hutiwa kwa kiasi ambacho mtoto hula bila kulia. Chapati si zile za tabaka za mafuta tulizozizoea Pwani. Ni nyembamba, hupikwa juu ya chuma cha moto na kupakwa samli kidogo, na kwa hakika huendana na dengu vizuri kuliko zetu, kwa sababu haziushibishi mdomo kabla ya tumbo. Hupatikana pia wali, mboga za viazi au kabichi kutegemea siku, na chai ya maziwa yenye viungo ambayo peke yake ingetosha kumfanya dereva aliyechoka akate kona. Penye bahati huwa na wali mtamu wa maziwa, chakula chenye historia ndefu katika langari, kwani maandiko yao matakatifu yanamsifu Mata Khivi, mke wa Guru wa pili, kwa wali wa maziwa na samli aliowagawia watu.

Nyama haipikwi kabisa, na msomaji asilihesabu hilo kuwa upungufu. Chakula kisicho na nyama ndicho pekee ambacho Mhindu, Mwislamu, Mkristo na Kalasinga wanaweza kukila pamoja bila yeyote kati yao kuuliza mnyama alichinjwa na nani. Kwa familia ya Kiislamu inayosafiri na wazee, ambayo mara nyingi hulazimika kubeba chakula kutoka nyumbani kwa kutoiamini mikahawa ya njiani, hilo ni jambo kubwa. Pombe na sigara haviruhusiwi kuingia, mgeni huvua viatu na kufunika kichwa, na asiye na kitambaa hupewa. Kuhusu usafi sina la kuongeza zaidi ya kwamba sakafu ambayo kila mtu huikanyaga pekupeku hutunzwa kuliko ile inayokanyagwa na viatu.

Kinachostahili kuelezwa kwa kirefu ni mapokezi. Hakuna fomu ya kujaza, wala swali la kupima kama kweli una njaa. Hakuna mahubiri yanayotangulia chakula, na hakuna anayekuja na simu kukupiga picha ukiwa umeshika sinia ili akaonyeshe alivyokusaidia. Jambo hili la picha linaniuma, na nalisema waziwazi: tumezoea mno kuona misaada ya unga na sukari ikitolewa mbele ya kamera, mpokeaji akiwa amesimamishwa katikati na gunia lake kama mshtakiwa aliyeshika ushahidi, na tukaanza kuamini kwamba ukarimu usioonekana haukufanyika. Pale Makindu sanduku la sadaka lipo, ila hakuna anayekuelekezea kidole. Mtu akiondoka bila kuweka kitu, huagwa kwa maneno yaleyale anayoagwa aliyeweka noti.

Vilevile mgeni haachwi kuwa mgeni tu. Katika mafundisho ya Makalasinga, kuwahudumia watu bila malipo, ambako wao hukuita seva, ni sehemu ya ibada, na mlango wake hauwekewi mipaka ya dini. Anayetaka kusukuma chapati, kuchambua dengu au kuosha vyombo hukaribishwa. Mimi nalihesabu hili kuwa jambo bora kuliko chakula chenyewe, kwa kuwa mtu aliyepewa asichoweza kukilipa hubaki na deni moyoni, na deni lisilo na pa kulilipia huweza kugeuka uchungu. Mbele ya karai la vyombo, deni hilo hupata kazi ya kufanya. Nimewaona vijana waliofika wakicheka na simu zao mikononi wakiishia kukunja mikono ya mashati na kusugua sinia za watu wasiowafahamu, na hakuna aliyewaamuru.

Mama mmoja mkulima wa maembe, aliyekaa karibu nami tukila, alinieleza kwamba alianza kuja hapo miaka mingi iliyopita akiwa na mtoto mgonjwa na bila nauli. Nilimwuliza, "Mama, wewe uliwahi kuwarudishia chochote?" Akatabasamu, akasema, "Mwanangu, hawa nitawalipa nini mimi? Lakini msimu wa maembe ukifika, mtu akipita kwangu na kiu yake simwachi aende hivihivi. Sasa hata watoto wa jirani hunisaidia kuwaokotea wapita njia maembe, na sikuwaambia." Makueni, ambamo ndimo ulimo mji wa Makindu, ni kaunti ya maembe, msafiri yeyote wa msimu anajua jinsi yanavyopangwa kandokando ya barabara. Ila sikuwahi kufikiri kwamba baadhi ya yale yanayotolewa bila malipo yana asili yake katika jiko la hekalu.

Mwaka 2010, watafiti wawili wa Marekani, James Fowler na Nicholas Christakis, walichapisha uchambuzi wa majaribio ambamo watu wasiofahamiana walicheza michezo ya kuchangia fedha katika vikundi vilivyobadilishwa kila raundi. Waliona kwamba aliyekuwa na wenzake wakarimu katika raundi moja alichangia zaidi katika raundi iliyofuata, akiwa na watu wengine kabisa, na athari hiyo ilisafiri hadi kwa mtu wa tatu ambaye hakuwahi kukutana na yule wa kwanza. Nilipousoma uchambuzi huo nilimkumbuka yule mama na watoto wa jirani yake. Wema wa Makindu haurudi ulikotoka, kwa sababu wenye jiko hawaudai. Hivyo hauna pa kwenda ila mbele, kwa mtu mwingine.

Na barabara hiihii inaonyesha kwamba moyo huo si wa dini moja. Anayeingia Mombasa magharibi ya mwezi wa Ramadhani hukuta vijana wakiwagawia madereva tende na maji ili wasifuturu wakiwa wamechelewa, nao hawaulizi aliyeko nyuma ya usukani amefunga au hakufunga. Desturi hizo mbili zimekua kila moja katika udongo wake, na msafiri anayeonja zote mbili kwa siku moja hufika mwisho wa safari akiwa mtu mwepesi zaidi wa kutoa.

Sina budi kusema pia Makindu haimfai nani. Haimfai anayetaka kuchagua kutoka orodha ya vyakula, au anayehesabu kila kituo kwa dakika. Abiria wa mabasi kwa kawaida hawana uamuzi wa mahali pa kusimama, na tangu treni ya Madaraka Express ianze safari zake mwaka 2017, wengi huvuka Makueni bila kuigusa. Kwa hiyo huduma hii inawafikia zaidi wenye magari yao na wale wa malori. Wapo pia wageni wasioitendea haki: wanaojaza sinia kisha wakaacha nusu, wanaonung'unika kwamba hakuna nyama, na wanaolala vyumbani wakaviacha kama vile kuna mtumishi aliyelipwa kuwafagilia. Chakula hapo unaweza kuongezewa kadiri utakavyo, kwa hiyo anza na kidogo.

Kwa ladha, usafi na mapokezi, naipa huduma ya Makindu alama za juu kabisa, na sijasita kufanya hivyo. Hekalu lipo yapata kilomita 160 kutoka Nairobi, hivyo anayetoka jijini asubuhi anaweza kufungua kinywa hapo, na anayepanda kutoka Mombasa anaweza kupanga chakula chake cha mchana hapo. Vaa nguo za heshima, beba mtandio au kofia, na kama buti ya gari ina nafasi weka mfuko wa unga wa ngano, dengu, sukari au majani ya chai, uvikabidhi jikoni bila kungoja risiti. Asiye na kitu cha kubeba aende vivyo hivyo, ale ashibe, kisha aulize vyombo vinaoshewa wapi.