9:30 Club, Washington: pa kusimama, pa kuepuka, na tiketi ya kununua

Kwa mtu anayefuatilia bendi za roki ya indie, yaani zisizotegemea kampuni kubwa za muziki, ukumbi wa 9:30 Club, ulioko 815 V Street NW, Washington, una sifa moja inayozipita nyingine zote: unachukua watu 1,200 tu, na wote wanasimama. Bendi nyingi za aina hii zikishatoa albamu ya tatu au ya nne huwa zimeshaizidi baa ya watu mia mbili, lakini bado hazina ubavu wa kujaza uwanja wa mpira wa kikapu. Zikipita Washington, mara nyingi hapa ndipo zinapofikia. Hata ukiwa nyuma kabisa unamwona mpiga gitaa anavyohamisha vidole kwenye nyuzi, bila skrini kukusimulia.

Huu si ule ukumbi wa mwanzo. 9:30 ya kwanza ilifunguliwa tarehe 31 Mei 1980 katika nyumba namba 930 ya F Street, na ilikuwa na idhini ya watu 199. Usiku wa kwanza walipiga Lounge Lizards wa New York pamoja na Tiny Desk Unit ya hapohapo mjini. Katika Tiny Desk Unit alikuwamo Bob Boilen, ambaye mwaka 2008, akiwa redio ya NPR, alianzisha zile shoo fupi za ofisini, Tiny Desk Concerts, ambazo leo kila mwenye simu anazitazama. Jina la shoo hizo limetoka kwenye bendi hiyo. Chumba kile kilisifika pia kwa mambo mawili ambayo hakuna aliyeyalilia baadaye: harufu yake, na nguzo iliyowazibia watu jukwaa. R.E.M., Nirvana na Fugazi wote walipiga humo. Januari 1996 klabu ikahamia V Street, Smashing Pumpkins wakaufungua ukumbi mpya, na nguzo ikabaki F Street.

Kitu ambacho wageni wengi hawakijui ni kwamba jukwaa la V Street linasogezwa. Tiketi zikiuzwa chache, mafundi wanalisukuma mbele na sakafu inapungua. Zikiisha zote, linarudishwa nyuma. Kwa hiyo bendi iliyouza tiketi 600 haipigi mbele ya uwazi mtupu. Faida yake si ya macho peke yake. Miili ya watu hunyonya sauti, hasa zile za juu. Sakafu ikiwa nusu tupu, sauti ya ngoma inagonga ukuta wa nyuma na kurudi, na maneno ya mwimbaji yanachanganyika. Ukiingia ukakuta jukwaa liko karibu kuliko ulivyotarajia, usikate tamaa na mahudhurio. Huenda hiyo ndiyo shoo utakayoisikia vizuri zaidi mwaka mzima.

Sasa pa kusimama, maana tiketi ni bei moja na kila mtu anajichagulia nafasi.

Watu wengi hukimbilia mstari wa mbele. Kwa kumtazama mwimbaji usoni, sawa. Kwa kusikia, ni pabaya. Spika kuu zimetundikwa pande mbili za jukwaa na zimeelekezwa katikati ya ukumbi, kwa hiyo aliyejibana kwenye kizuizi yuko chini na nje ya mkondo wake. Anachosikia ni ngoma zenyewe, amplifaya ya gitaa iliyo mbele yake, na mabaki ya monita, spika ndogo za jukwaani wanazojisikilizia wanamuziki. Sauti ya mwimbaji, ambayo haina amplifaya yake jukwaani, ndiyo inayopotea kwanza. Hapo utasikia mtu analalamika kwamba fundi mitambo kamzika mwimbaji, kumbe aliyezikika ni yeye. Bendi yenye gitaa mbili ina tatizo la ziada: ukisimama mkabala na amplifaya ya mmoja, huyo ndiye utakayemsikia usiku kucha, na mwenzake atakuwa kama hayupo. Ukitaka mbele kwa vyovyote vile, kaa katikati, usikae pembeni.

Mahali pazuri ni katikati ya sakafu, hatua chache mbele ya meza ya kuchanganya sauti. Fundi anapanga kila kitu kwa masikio yake mwenyewe. Ukiwa karibu naye unasikia anachosikia yeye. Epuka kona na ukingo wa kuta, kwa sababu besi hujilimbikiza humo, na nyimbo za bendi yenye besi nzito zinageuka mngurumo. Epuka pia kujificha ndani kabisa chini ya roshani. Dari ni fupi, sauti za juu kama matoazi na herufi za mwisho za maneno hazifiki sawasawa, na macho yanakatwa na ukingo wa roshani yenyewe.

Roshani imezunguka pande tatu, na kwa mtu mfupi ndiyo suluhisho. Sharti ni moja: uwe kwenye reli ya ukingoni. Aliye mstari wa pili juu anaona migongo na visogo, na ni heri angebaki chini. Reli hujaa ndani ya dakika chache baada ya milango kufunguliwa, kwa hiyo anayetaka nafasi hiyo apande ngazi moja kwa moja, asipitie baa wala meza ya fulana. Pande za kulia na kushoto ziko karibu na jukwaa lakini unalitazama kwa ubavu, na nusu ya ngoma inajificha. Nafasi inayotazamana na jukwaa iko mbali kidogo, ila unaona bendi nzima na taa zote.

Kitu cha mwisho kuhusu nafasi: kaa mbali na baa. Bendi kama Yo La Tengo hupenda kushusha sauti hadi mnong'ono katikati ya shoo, na hapo ndipo soga za wanaongoja bia zinapoanza kusikika kuliko gitaa.

Masikio. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 unaotaka kumbi zisizidi wastani wa desibeli 100 kwa kipimo cha dakika 15. Kwa pendekezo la taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini, desibeli 85 zinavumilika saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda unakatwa nusu. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 15. Shoo ya roki ni dakika 90 za bendi kuu, na bado hujahesabu bendi ya utangulizi. Kwa hiyo vizibo si woga. Vile vya sponji vinatosha ukivitia ipasavyo: kisokote hadi kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kitumbukize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 kitanuke humo ndani. Wengi hukichomeka nusu, kikaning'inia nje, wakasema hakifanyi kazi. Ubaya wa sponji ni kwamba inakata sauti za juu kuliko za chini, na gitaa linasikika kama liko chumba cha jirani. Vile vya mpira vyenye kichujio, vinavyouzwa kwa wanamuziki, hupunguza sauti zote karibu sawa, na baada ya nyimbo mbili unasahau kama umevivaa. Ukienda shoo zaidi ya mbili kwa mwaka, nunua hivyo.

Saa inayoandikwa kwenye tiketi ni saa ya kufungua mlango, si ya bendi kupanda. Kwa kawaida bendi ya utangulizi huanza kama saa nzima baadaye, na kati yake na bendi kuu kuna nusu saa ya kubadilisha vifaa. Mlango ukifunguliwa saa 1 usiku, bendi kuu itegemee kati ya saa 3:00 na saa 3:15. Aliyezoea shoo za Dar es Salaam au Nairobi, ambako tangazo husema saa 2 na mwenye shoo akapanda saa 7, ajihadhari: hapa ratiba inafuatwa, na ukijipitisha saa 4 na nusu utakuta bendi inaaga. Siku ya shoo, kumbi na bendi nyingi hutangaza saa kamili mtandaoni. Angalia hapo kabla ya kutoka nyumbani.

Umri si kikwazo. Kwa kawaida shoo za hapa huruhusu rika zote, isipotangazwa vinginevyo, na anayetaka pombe ndiye anayekaguliwa kitambulisho kuthibitisha miaka 21. Mgeni aje na pasi yenyewe, picha kwenye simu haimsaidii. Utaratibu huu una mizizi papa hapa. Mwaka 1980 vijana wa bendi ya Teen Idles walirudi kutoka California, ambako walichorwa X kubwa mkononi ili waruhusiwe kuingia bila kuuziwa pombe. Wakaipeleka fikra hiyo kwa klabu za Washington, 9:30 ikiwamo. Mmoja wao, Ian MacKaye, baadaye alianzisha Fugazi, bendi iliyokuwa ikitoza dola 5 mlangoni na kusisitiza rika zote ziingie.

Tiketi zianzie kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe, ambayo inakupeleka kwa muuzaji halali. Ukiandika jina la bendi na mji kwenye mtambo wa kutafutia, matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya walanguzi, na mengine yamepambwa yafanane na tovuti ya ukumbi. Dalili ni mbili: tiketi zinauzwa kabla ukumbi haujazifungua, au bei ni mara mbili wakati ukumbi bado unazo. Hiyo ya kwanza ni hatari kweli, maana muuzaji anakuuzia kitu ambacho hana, akitumaini kukipata baadaye. Jimbo jirani la Maryland lilipiga marufuku mchezo huo mwaka 2024. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inamlazimu muuzaji wa tiketi za shoo kuonyesha bei nzima pamoja na ada tangu mwanzo. Ukiona bei inapanda unapofika kwenye malipo, funga ukurasa. Na shoo ikisemwa imeisha, usikimbilie kwa mlanguzi siku hiyo hiyo. Siku za mwisho bendi huachia sehemu ya tiketi walizowawekea wageni wao, na bei za walanguzi nazo huporomoka saa chache kabla ya mlango kufunguliwa.

Usafiri ni rahisi kwenda, mgumu kidogo kurudi. Shukia kituo cha U Street cha Metro, laini ya kijani, utokee mlango wa 10th Street, ule wenye kumbukumbu ya wanajeshi weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ukumbi uko dakika chache kwa miguu. Kutoka Silver Spring, panda laini nyekundu, badili Fort Totten, U Street ni kituo cha tatu. Kutoka Virginia, badili L'Enfant Plaza. Kutoka hapo, U Street ni kituo cha tano kwenda kaskazini. Angalia treni ya mwisho ya usiku huo mapema, kwa sababu Jumapili hadi Alhamisi inaondoka mapema kuliko Ijumaa na Jumamosi. Maegesho ya mtaani, tuseme ukweli, ni ya kubahatisha.

Kula kabla ya kuingia. Mtaa wa 9 na U una migahawa ya Kihabeshi, na Ben's Chili Bowl, iliyofunguliwa 1958, iko 1213 U Street. Injera ya watu wawili inashibisha hadi usiku wa manane, ila kaa mezani angalau saa moja na nusu kabla ya mlango. Chakula cha aina hiyo hakipendi kuharakishwa.

Je, kila bendi uione hapa? Hapana. Kwa mwimbaji na gitaa moja, au bendi changa, The Atlantis iliyo jirani ni bora. Ilifunguliwa Mei 2023 kwa Foo Fighters, inachukua watu 450, na imejengwa kwa kuiga ile klabu ya F Street, bila harufu. Black Cat, 1811 14th Street, iliyoanza 1993 na Dave Grohl akiwa mmoja wa wawekezaji, inafaa kwa bendi zenye kelele zinazotaka watu waruke. Haina roshani, hivyo mtu mfupi awahi. The Anthem, iliyofunguliwa 2017 kando ya mto, inafika watu 6,000, na hapo indie inaanza kupoteza utamu. Bendi ikitangaza shoo mbili mfululizo 9:30 kabla ya kukua kufikia Anthem, hiyo ndiyo tiketi ya kuwahi.

Na katika shoo hizo mbili, chukua ya pili. Vifaa vinakuwa vimelala jukwaani, fundi mitambo ameshaujua ukumbi, na bendi zinazobadilisha nyimbo kila usiku, kama Wilco na Yo La Tengo, zinakuwa zimeshamaliza zile za lazima na kuingia kwenye zile ambazo mashabiki wa kweli wamekuwa wakiziomba.