Povu, plaiwudi au jasi? Cha kununua ukitaka kuijenga Tanga ya 1914 mezani

Karibu kila anayeanza kujenga uwanja wa vita vya mezani, ule mchezo wa kupiganisha vijiaskari juu ya meza, huanza na kilima. Kilima kinapendeza na kinatoka vizuri kwenye picha, lakini Tanga hakina kazi. Mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India, watu wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, lilishuka Ras Kazone na kushindwa na watu wapatao 1,000 wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Wale wachache walikuwa na mtaro wa reli uliochimbwa upande wa mashariki wa mji, na mbele yake minazi, mipira na vichaka vilivyomfanya mtu asimwone mwenzake wa hatua ishirini. Kwa hiyo uwanja wa Tanga unachimbwa kwenda chini, na hapo ndipo orodha yangu inapotofautiana na za wengi: nimevipanga vifaa kwa kuuliza kwanza kama vinachimbika.

Kabla hujatoa pesa, jua ukubwa. Meza ya sentimita 180 kwa 120 inatosha. Ukikubaliana na wenzako kwamba sentimita moja ni mita 20, urefu wa meza unakuwa kilomita 3.6, unapata kuanzia ufukweni hadi mjini. Usijenge meza nzima kipande kimoja, jenga vigae vya 60 kwa 60. Meza inakula vigae sita.

Namba moja: povu gumu la buluu au la waridi

Hili ndilo povu la kuzuia joto, lenye chembe zilizoshikana kiasi kwamba kisu kikipita kinaacha ukuta laini. Tafuta la unene wa sentimita 5. La sentimita 2.5 ni rahisi zaidi, lakini utalijutia, nami nitakuonyesha kwa nini.

Chukua vijiaskari vya milimita 15, ambavyo kwa kimo cha mtu (si kwa kipimo cha ardhi) ni kama moja kwa mia. Mtu mzima hafiki sentimita 2. Ukichimba mtaro wa sentimita 4, askari anazama wote na bado kigae kina sakafu ya sentimita moja chini yake. Kwenye povu la 2.5 utachimba moja na nusu tu, vichwa vyote vitachungulia, na mchezaji wa upande wa Waingereza atakuambia kwa haki kabisa kwamba anawaona. Kata kingo kwa kisu cha bledi mpya, kwa mteremko, usikate wima kama ukuta wa choo. Kisha pitisha msasa mkavu. Bledi ikianza kung'oa chembe badala ya kukata, itupe. Bledi ni rahisi kuliko povu.

Reli ya Usambara, iliyotoka Tanga kwenda Moshi, ilikuwa ya upana wa mita moja. Kwa kipimo cha moja kwa mia hiyo ni milimita 10, na reli za treni za kuchezea zinazoitwa N zina milimita 9. Nunua kipande kimoja cha hizo, hakuna atakayeleta rula. Wa vijiaskari vya milimita 28 achukue HO, yenye milimita 16.5.

Ubaya wa povu hili ni upatikanaji. Maduka ya kawaida ya vifaa vya ujenzi mara nyingi hayana. Waulize mafundi wanaojenga vyumba vya baridi vya samaki na maua, maana mabaki yao yanaweza kukutosha bila kununua bamba zima.

Namba mbili: povu jeupe la maboksi ya friji

Ni la bure, au karibu na bure, na ndiyo maana nimeliweka juu ya vitu vya bei. Linachimbika, ila kwa kero: vile vidonge vyeupe vinaruka, vinanasa kwenye nguo, vinaingia kwenye chai. Likate kwa waya wa moto, mlango ukiwa wazi kwa sababu moshi wake haufai kuvutwa. Ukishamaliza kukata, lipake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na mchanga laini, ngozi yake ikaze.

Onyo moja kwa mapovu yote mawili: usipulize rangi ya kopo juu ya povu lililo wazi. Kigae changu cha kwanza cha ufukwe nilikipulizia kahawia jioni, nikaenda kula. Niliporudi, Ras Kazone ilikuwa imeliwa na mashimo kama jibini. Dawa iliyomo kwenye makopo hayo huyeyusha povu. Tumia rangi ya maji ya ukutani na brashi. Kopo dogo la kahawia na jingine la rangi ya mchanga vinamaliza meza nzima.

Namba tatu: plaiwudi, lakini kama sahani tu

Bamba la plaiwudi ni futi 4 kwa 8. Likate kwenye duka hilo hilo unaponunulia, futi 2 kwa 2, upate vigae vinane. Sita ni meza yako na viwili ni akiba, kimoja cha ufukwe na kimoja cha mto au kijiji kwa vita vitakavyofuata. Gundisha povu juu yake. Usidanganyike na MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kwa sababu ni laini na imenyooka: kwa unyevu wa pwani kingo zake zinavimba kama mkate uliomwagiwa chai. Kama ni MDF tu uliyonayo, paka rangi pande zote mbili na kingo.

Namba nne ni kitambaa. Shuka la rangi ya khaki au kijani iliyopauka, chini yake vitabu na nguo kuukuu, na umepata ardhi ndani ya dakika tano. Kwa mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, kule Lindi, kingefaa sana. Kwa Tanga hakichimbiki, basi.

Jasi iko mwisho na haistahili hasira yangu, ila watu wanaipenda mno. Kigae cha 60 kwa 60 chenye jasi ya sentimita moja kina uzito wa kilo nne hivi, wakati povu gumu la sentimita 5 la eneo hilo hilo halifiki kilo moja. Zidisha kwa sita kisha panda daladala. Nunua mfuko mdogo wa kuzibia nyufa tu.

Sasa miti, na hapa pesa nyingi hupotea bure. Minazi ya plastiki inayouzwa tayari ni ya kisiwa cha katuni. Nunua waya wa kufungia nondo, usokote nyuzi tatu kuwa shina, na kwa makuti tumia kamba ya katani iliyochambuliwa. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, na kuijenga Tanga bila katani naona kama kukosa adabu. Kamba hiyo hiyo ukiikata vipande vya sentimita moja na nusu na kuvisimamisha kwenye gundi inakuwa nyasi ndefu. Usinunue majani ya nailoni. Pia weka pamba kidogo: wengi wa askari wa Lettow-Vorbeck walikuwa na bunduki za toleo la 1871, za baruti yenye moshi, na kila anayefyatua anajitangaza. Kwa nyuki walioshambulia watu katikati ya mapigano, mbegu za ufuta juu ya kipande cha waya zinatosha.

Vijiaskari vyenyewe vinaagizwa nje. Milimita 15 za chuma ndizo ninazopendekeza. Plastiki za 1/72 ni nyepesi na bei yake nafuu, lakini rangi inabanduka usipoziosha kwa sabuni kwanza. Mwenye rafiki mwenye mashine ya kuchapa vijiaskari kwa resini anunue faili la muundo wake tu, aepuke gharama za mzigo.

Ila kabla ya kuongeza bunduki za mashine, nunua wapagazi. Kampeni ya Afrika Mashariki iliendelea hadi Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, na kwa muda mrefu mizigo ilikwenda kwa vichwa vya watu. Kariakoo, ambako mimi hununua gundi, waya na kamba, ilipata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na Kariokor ya Nairobi vivyo hivyo. Katika sheria tunazochezea, kikosi kisicho na wapagazi nyuma yake hakisogei zamu ya tatu. Anza na ishirini kila upande, mizigo uichonge kwa mabaki ya povu.