TAHADHARI: Kicheza muziki cha "GB 128" kilichomeza kanda za baba yangu

Ndugu zangu, naomba usome hili kabla hujamtumia mtu hela ya vile vicheza muziki vidogo vya mfukoni, vya MP3, vinavyotangazwa sasa Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp kwa bei ya kati ya shilingi 60,000 na 100,000. Vinaandikwa "GB 128", vina rangi nzuri, vina vitufe, na muuzaji anajibu haraka kuliko ndugu yako. Mimi nimepigwa. Shilingi 85,000 nimeshazisamehe. Kinachonifanya niandike ni kwamba kimashine hiki hakikuishia kwenye hela. Kilimeza kazi niliyokabidhi humo ndani, na hakikuniambia.

Baba yangu alifundisha kwaya kwa zaidi ya miaka 30. Alipofariki aliacha kanda 31 za kaseti, za dakika 60 kila moja: mazoezi ya jioni, ibada za Pasaka, harusi mbili tatu. Kabla ya kila wimbo unamsikia akigonga meza na kuhesabu. Mama anataka kumsikia akihesabu, hivyo tu. Nikapata fundi hapa Morogoro mwenye deki nzima, nikaazima laptop ya mpwa wangu wakati wa likizo, tukazihamisha zote. Fundi alinishauri tuhifadhi kwa WAV ili sauti isipunguzwe, na alikuwa sahihi kwa sababu kanda zenyewe zimechoka. Ila WAV inakula nafasi: saa moja ni kama MB 635. Kanda 31 zikafika karibu GB 20.

Mama hawezi simu ya kupangusa. Alihitaji kitu chenye vitufe anachoweza kukipapasa hata taa zikizimwa. Ndipo nikaona tangazo. GB 128! Nikasema hata tukiongeza kanda za mjomba zitaenea. Nikalipa, kifurushi kikaja kwa basi siku ya pili, nikapakia mafaili yote 31. Kompyuta haikulalamika. Nikafungua la kwanza, likalia. La pili, likalia. Nikaridhika, nikayafuta kwenye laptop kwa sababu mpwa alikuwa anarudi chuoni na nafasi yake ilikuwa imejaa.

Kanda ya kwanza hadi ya sita ni nzima kabisa. Ya saba inalia robo saa, katikati ya wimbo inakata, na baada ya hapo ni kimya. Siyo kwamba inasimama. Dakika zinaendelea kuhesabu kwenye kioo, 16, 17, 18, kama vile muziki upo. Ya nane mpaka ya 31 majina yapo, urefu upo, sauti hakuna. Mama alikaa nalo siku nne bila kusema, akidhani amebonyeza vibaya. Alikuwa anaanza upya kila jioni.

Nikalipeleka kwa yule fundi. Alifungua parafujo mbili za nyuma, akanionyesha kipande cheusi kidogo cha memori kilichosuguliwa maandishi yake yote, laini kabisa. Kisha akachukua boksi, akaingiza kucha pembeni ya ile "128GB". Ilikuwa stika. Chini yake kumechapishwa 4GB.

Naeleza jinsi wanavyofanya, kwa sababu ukielewa hapa hutadanganyika tena. Ndani ya kila memori, iwe flashi, memori kadi au kicheza muziki, kuna sehemu inayoiambia kompyuta "nafasi yangu ni kiasi hiki". Matapeli wanaiandika upya ile sehemu iseme uongo. Memori ni ya GB 4, lakini ikiulizwa inajibu 128, na kompyuta inaamini. Ukipakia mafaili, yale ya mwanzo yanaingia mahali halisi. Nafasi ya kweli ikiisha, yanayofuata yanamwagwa hewani, au kwenye aina nyingine yanarudi kuandikwa juu ya yale ya mwanzo, na hapo hata ulichokuwa nacho kinaharibika. Orodha ya majina nayo hukaa mwanzoni mwa memori, kwenye sehemu iliyo ya kweli. Ndiyo maana unaona majina yote, ukubwa wote, kila kitu kimekaa vizuri, na ndani hamna kitu. Hesabu yangu inalingana kabisa: GB 4 gawa kwa MB 635 ni kanda sita na robo.

Msinielewe vibaya kuhusu tofauti ndogo ya namba. Kifaa halali cha GB 128 ukikichomeka kwenye Windows kitasoma kama 119, na cha 16 kitasoma kama 14.9. Huo si wizi, ni namna mbili za kuhesabu: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Feki mara nyingi itasoma hiyohiyo 119 bila aibu. Kwa hiyo kuangalia namba kwenye kompyuta hakukusaidii chochote. Hata mafundi wengine bado wanaamini kwamba ukichomeka ukaona namba, umeshahakiki.

Sasa, nilipoingia kusoma maoni ya wateja kwenye ukurasa wa yule muuzaji, nilikuta sifa tupu. "Mzigo umefika dada, asante." "Sauti safi." Mwanzoni nilidhani ni maoni ya kutunga, lakini nadhani mengi ni ya kweli. MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama MB 1 kwa dakika. GB 4 ni zaidi ya saa 60 za muziki! Mtu anayepakia nyimbo 200 za bongo fleva hatagusa ukingo wa memori hata baada ya mwaka. Atasifia, atamwelekeza na rafiki yake. Anayeumia ni yule mwenye mzigo mkubwa: anayehifadhi mawaidha, kisomo kizima cha Qurani chenye sauti bora, mahubiri ya miaka, rekodi za familia, picha za harusi. Yaani walewale wenye vitu visivyo na nakala nyingine.

Nilimwandikia muuzaji kwa heshima. Jibu la kwanza: "Dada umeformat vibaya." Nikamtumia picha ya memori na ya boksi. Jibu la pili: "Sawa, tutakubadilishia, tuma 10,000 ya nauli na usumbufu." Hapa nawaomba mshike neno langu: msitume. Mtu aliyekuuzia feki hakudai nauli ili akupe halisi, anajaribu kama bado una kitu mfukoni. Nilipokataa, namba ikanizuia na maoni yangu kwenye ukurasa yakafutwa. Kesho yake tangazo lilelile lilikuwepo, picha ileile, "punguzo linaisha leo", kama lilivyokuwa linaisha siku niliyonunua mimi.

Dalili zilikuwepo. Duka lilikuwa na jina kubwa lenye neno "Electronics", lakini nilipotuma hela jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mtu binafsi, tena laini ya kawaida, si lipa namba ya biashara. Niliuliza duka liko wapi, nikaambiwa "Kariakoo" basi, bila mtaa. Niliuliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa itakuja na mzigo, na haikuja. Kariakoo kuna wafanyabiashara waaminifu wengi mno, nami nimenunua kwao miaka yote. Lakini mwenye duka kweli atakutajia mtaa, jengo na ghorofa, na atakwambia "njoo".

Kwa anayetaka kununua bado, maana vifaa hivi vinafaa sana kwa wazee wetu na hata kwa anayetaka kukaa mbali na simu:

Ogopa ukubwa wa ndani. Kicheza muziki cha bei ndogo kinachojigamba GB 128 au 256 za ndani ni cha kukimbiwa. Tafuta chenye GB 8 au 16 za ndani na tundu la memori kadi, halafu nunua kadi peke yake kwa muuzaji mwingine unayemwamini. Uliza kinasoma kadi ya mwisho ukubwa gani. Kadi za SDHC zinaishia GB 32, zinazozidi hapo ni SDXC, na vifaa vingi vya zamani havizitambui. Uliza pia kama kinacheza FLAC na WAV, aina za mafaili zisizopunguza sauti, kwa wale wanaojali sauti.

Kuhusu iPod, nimeona wengine wanauziwa "iPod mpya toleo la mwaka huu". Hakuna. Apple ilisitisha nano na shuffle mwaka 2017, na iPod touch, ya mwisho kabisa, ilitangazwa kusitishwa Mei 2022. Kinachouzwa leo ni mtumba au mabaki ya zamani, na mtumba mzuri si vibaya mradi aseme ni mtumba. Akikwambia nano ya GB 64, geuka uondoke, kwa sababu nano ya mwisho, ya mwaka 2012, ilitoka na GB 16 tu.

Kupima ndio moyo wa jambo. Kwa Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, ya Wajerumani, haihitaji hata kusakinishwa, unaifungua tu. Kwa Linux na Mac kuna F3. Zote zinafanya kazi moja: zinajaza kifaa kizima kwa mafaili ya majaribio, kisha zinayasoma yote tena kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kifaa kiwe kitupu kwanza. Ni kazi ya usiku kucha: kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, GB 128 zinachukua saa tatu na nusu kuandikwa, bado kusomwa. Changu nilikipima baadaye, jibu likaja: GB 3.7 nzima, zilizobaki zote zimepotea. Laiti ningepima siku ya kwanza.

Najua huwezi kukaa dukani kwa muda wa saa saba. Basi nenda na laptop au umwombe muuzaji kompyuta, chukua flashi yenye video za GB 10, zipakie kwenye kifaa, chomoa kabisa, chomeka tena, kisha ufungue zile za kwanza na zile za mwisho na uziburuze hadi katikati. Usiishie kwenye za kwanza tu, mimi ndipo nilipokosea. Ni kama robo saa ya kukaa kwenye benchi, na feki za GB 4 na 8, ambazo ndizo nilizoziona mimi na fundi wangu, zitaumbuka hapohapo. Kama muuzaji ameandika "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", mwambie aandike kwa mkono kwenye risiti kwamba memori ikipungua utarudisha ndani ya siku tatu. Akikataa, umeshapata jibu.

Na tafadhali, usifute nakala ya kwanza. Hata kifaa kikiwa halali kwa asilimia mia, kaa na nakala mbili sehemu mbili.

Ukiwa umeshapigwa Tanzania, hifadhi ujumbe wa muamala na mazungumzo yote kabla hajakuzuia, nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako, na namba iliyokutapeli itume kwenda 15040. Mambo ya bidhaa bandia yapo chini ya Tume ya Ushindani, FCC, wapelekee na boksi na stika yake. Mimi nimeshachukua RB. Sijui kama nitaiona hela, lakini ile namba sitaki iendelee kupokea ya mwingine.

Kanda zenyewe bado ziko kwenye sanduku, Mungu ni mwema, ila nne kati yake ukanda ulishikana tulipozirudisha nyuma na fundi anaogopa kuzilazimisha. Deki yake nayo imekufa mota mwezi huu. Katika kuzihamisha upya tumefika kanda ya 14. Kama kuna mtu Morogoro, Dodoma au Dar mwenye deki ya kaseti inayozunguka kwa mwendo sahihi, au fundi anayejua kufungua ganda la kaseti na kuhamishia ukanda kwenye ganda jingine, naomba aniachie ujumbe hapa chini. Nitasafiri nazo mwenyewe, kanda sizitumi kama kifurushi cha basi.