Mafunzo ya siku mbili ya mawasiliano na migogoro kazini kwa wauguzi, Dar: nimelipa mwenyewe, nasema nilichokiona

Jamani hii niliahidi kuiandika wiki mbili zilizopita, zamu za usiku zikanibana. Kuna kampuni moja hapa Dar (jina siweki, wasije wakanipigia simu tena) inatoa mafunzo kwa wauguzi na wakunga, jinsi ya kuongea mkigombana kazini. Elfu themanini, chai na chakula cha mchana humo humo, cheti, na pointi za CPD (mafunzo endelevu) za kuhuishia leseni. Kazini kwangu hawakunipa hata nauli, kwa hiyo nadhani ruhusa ya kusema ninayo.

Kilichonipeleka ni hiki. Mwezi wa nne niligombana na dada mmoja wa zamu ya usiku, tumwite Mama J, tena mbele ya ndugu wa wagonjwa. Nimeingia saa moja na nusu asubuhi nakuta trei haina kanula (zile sindano za kuwekea dripu) hata moja, plasta zimebaki makaratasi, dripu ya kitanda 9 imeisha na damu imeshaanza kurudi kwenye mpira, na mwenyewe keshavaa nguo za nyumbani kasimama mlangoni mkoba begani ananiambia ripoti ipo kwenye kitabu. Nikapandisha. Naye akapandisha. Kijana mmoja aliyekuja kumletea mama yake uji akatoa simu akaanza kurekodi, hapo ndo tukanyamaza. Matroni akatuita wote wawili akatuambia tuombane msamaha, tukaombana wa mdomoni, afu tukanuniana miezi miwili. Ripoti tunapeana kama watu wanaorushiana mawe, yeye huku ananiwekea vijembe status na mimi navisoma vyote nikijifanya sijaona.

Siku ya kwanza nilikaa nyuma kabisa maana nilijua ni yale yale ya "tupendane, tuheshimiane". Nilikosea. Mtoa mada alikuwa nesi mwenzetu wa zamani, akaanza na ajali ya Tenerife, Machi 1977, ndege mbili kubwa za 747, ya KLM na ya Pan Am, zimegongana kwenye njia ya kurukia, watu 583 wamekufa. Sasa sikiliza hii. Ndani ya ile ya KLM fundi wa ndege aliuliza kama wale wa Pan Am wameshatoka njiani. Akauliza tu, kwa upole, kama mtu anayeuliza saa. Rubani mkuu, mtu mzito sana kwenye kampuni, akajibu ndiyo wametoka, yule fundi akanyamaza, ndege ikaendelea kushika kasi. Ukumbi mzima kimya. Kila mtu humo ndani alikuwa na dokta wake kichwani, ile siku uliyoona kitu hakiko sawa ukasema "dokta, sijui labda tumwangalie tena?" akakwambia yuko poa, nawe ukarudi kukaa.

Kutoka hapo akaingia kwenye SBAR, mpangilio wa kutoa taarifa ya mgonjwa kwa kifupi: hali, historia, unavyoona, unachoomba. Kumbe imeanzia kwenye nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani, kisha madaktari wa Kaiser Permanente kule Colorado wakaileta hospitali, miaka ya mwanzoni mwa 2000. Jamaa mmoja pembeni yangu akasema sasa nyambizi na wodi ya wazazi wapi na wapi, tukacheka, lakini tulipofanya zoezi hakuna aliyecheka. Unasimama, unapewa mgonjwa wa kwenye karatasi, una dakika moja kumpigia daktari. Mimi nilianza kama ninavyoanzaga: "Dokta shikamoo, samahani kwa usumbufu, nilikuwa naomba kama una nafasi, kuna mama mmoja hapa..." Mtoa mada akasimamisha saa, sekunde 22 zimeisha na bado hajajua mgonjwa ana nini! Nilivyorudia ikawa hivi: "Dokta, ni sista wa wodi ya wazazi, mama wa kitanda 4 anatoka damu nyingi. Kajifungua saa mbili zilizopita, uzao wa tano, pedi tatu zimeloa ndani ya nusu saa. Presha 80 kwa 50, mapigo 128, naona kizazi hakijakaza. Dripu na oksitosini nimeshaweka, nakanda kizazi, naomba uje sasa hivi na nimtume mtu maabara kuomba damu." Hata sauti yangu niliiona imebadilika. Kwa zoezi hilo tu hela yangu naihesabu imerudi nusu.

Siku ya pili ndo ikaanza kulegea. Wakatugawia dodoso la zile njia tano za kukabili ugomvi za Thomas na Kilmann, za mwaka 1974: kushindana, kushirikiana, kugawana nusu kwa nusu, kukwepa, kujishusha. Zaidi ya nusu ya ukumbi tukatoka "kukwepa". Mtoa mada akasema sawa, kukwepa si kubaya kila wakati, akahamia slaidi nyingine. Sasa bana hapo ndo palitakiwa pachimbwe! Maana sisi hatukwepi kimya, sisi tunanuna. Tunapiga mafumbo. Unamsema mtu kwa kumwambia mgonjwa, "hapa mama angu wengine wanakuja kulala tu", na mwenyewe yuko hatua tatu kutoka hapo. Unamwachia kitanda hakijatandikwa makusudi. Ule ni ugomvi kamili na una kanuni zake, na kwenye dodoso haukuwepo, maana walioandika dodoso hawakuwahi kununiwa na sista wa Kitanga.

Baada ya chai wakaja na DESC, yaani unaeleza kilichotokea, unasema kimekufanya ujisikieje, unapendekeza, unasema kitasaidia nini. Kingi cha siku hizo mbili kimetoka TeamSTEPPS, mpango wa mafunzo ya kazi ya pamoja hospitalini uliotolewa 2006 na wakala wa serikali ya Marekani wa utafiti wa huduma za afya pamoja na wizara yao ya ulinzi, na vitini vyake viko bure mtandaoni, nimeviangalia usiku ule ule. Kwa hiyo ukilipa elfu themanini jua hulipii slaidi, unalipia mazoezi.

Na zoezi zuri kuliko yote hata halikuwa la mtoa mada. Tulikuwa kwenye CUS, ile ya kupandisha sauti ngazi kwa ngazi, nina wasiwasi, halafu sijisikii vizuri na hili, halafu hili ni suala la usalama. Mtoa mada kaitafsiri vile vile kwenye slaidi na watu wanasoma kama kiapo cha mahakamani. Akasimama mama mmoja mkunga, mtu mzima, kastaafu sasa anafanya kwa mkataba, akasema mwanangu hiyo hakuna daktari atakayeisikia, ngoja. Akaenda mbele. "Dokta, nina wasiwasi na huyu mama." Akanyamaza kidogo. "Dokta, moyo wangu haujatulia kabisa." Akasogea hatua moja. "Dokta, huyu mama tutampoteza. Njoo." Aisee. Hakuna samahani hata moja humo, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Sijui kwa nini asilipwe yeye.

Sasa mnataka kujua kama inafanya kazi. Niliijaribu DESC kwa Mama J wiki ile ile na ikaniabisha. Nimesimama koridoni, "nilipokuta trei haina kanula nilijisikia kuelemewa, napendekeza..." Akanitazama juu mpaka chini: "Wewe, umetumwa na nani?" Na kweli nilisikika kama barua ya utumishi. Siku tatu baadaye nikamkuta kwa mama ntilie wa nje ya geti, nikamwambia dada shikamoo, yeye ni mkubwa kwangu miaka kumi na kitu na nilikuwa nimeacha kumwamkia tangu siku ile, nikamlipia chai na chapati, nikaanza tu na "lile la mwezi wa nne bado liko kooni". Akaongea yeye, nikamwacha aongee. Kumbe usiku ule alikuwa mwenyewe na wagonjwa 38, saa kumi na moja alfajiri mgonjwa wa kitanda 2 hali ikabadilika, kahangaika naye mpaka kunakucha, na kanula hazikuwepo kwa sababu stoo inafungwa saa kumi jioni na funguo anaondoka nazo inchaji, yaani msimamizi wa wodi. Mimi miezi miwili namnunia mtu kwa ajili ya funguo.

Tukaenda wote wawili kwa inchaji, kwa mtindo wa SBAR kabisa: hali, historia, tunavyoona, tunachoomba. Dakika tatu. Sasa hivi kuna kiboksi cha akiba kinabaki usiku, kanula 20, plasta na seti za dripu. Kilivyokuwa rahisi mpaka inaudhi.

Hilo ndo linanifanya niwanyime nyota. Niliuliza ukumbini, je kama ugomvi wenyewe unatokana na uchache wa watu na rosta ya upendeleo, tuongeeje? Jibu likawa "hilo ni la menejimenti". Na ukumbi mzima hakukuwa na matroni hata mmoja wala inchaji, wala daktari! Mnatufundisha kumpigia simu mtu ambaye hajafundishwa kupokea.

Mengine madogo: kiyoyozi kilikuwa kikali, bebeni sweta. Sambusa za siku ya kwanza nzuri, za siku ya pili zilikuwa zile zile za siku ya kwanza. Cheti kimekuja na jina langu limekosewa herufi mbili, kwa hiyo pointi za CPD bado nazifuatilia, kila nikipiga naambiwa kesho.

Nyota 3 kati ya 5. Nenda siku ya kwanza hata kama ya pili huwezi, niliulizia, wanakubali nusu bei ukikomaa nao. Na kama unaweza mburute inchaji wako muende wote.